Mifupa ya Mtoto Mwenye Selimundu

Na tabibu msaidizi, Kizimbani, Unguja



Somo letu la leo linahusu mifupa. Lakini si mifupa ya kila mtu. Tutazungumza juu ya mifupa ya watu wenye maradhi ya selimundu, hasa watoto. Wengine huyaita siko seli. Lisome neno hili polepole: se-li-mu-ndu. Maana yake tutaiona hapa chini.

Watu wengi hapa Kizimbani wanajua kwamba selimundu ni maradhi ya damu. Wanajua kwamba mtoto mwenye maradhi haya hupungukiwa damu, na macho yake huwa ya manjano. Hayo ni kweli. Lakini ni wachache wanaojua kwamba maradhi haya huharibu mifupa pia, na huiharibu hata siku ambazo mtoto halii. Mimi mwenyewe nilifundishwa jambo hili chuoni. Nililijibu vizuri katika mtihani. Kisha nikalisahau nilipokaa mbele ya mgonjwa.

MTOTO ALIYECHECHEMEA

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kazi, katika kituo kingine, kabla sijaja hapa. Asubuhi moja bibi mmoja alimleta mjukuu wake wa miaka 10.

"Shikamoo bibi," nilimwamkia.

"Marahaba mwanangu. Huyu mguu unamuuma. Anauburura."

Nilitazama kadi ya mtoto. Iliandikwa selimundu. Basi mimi nikasema moyoni, haya ni maumivu yale yale. Nilimpa dawa ya kutuliza maumivu, nikamwambia anywe maji mengi. Wakaenda zao.

Baada ya wiki 3 walirudi. Safari hii mtoto alionyesha goti. Nililishika goti, nikalikunja, nikalikunjua. Halikuvimba. Halikuwa na joto. Nikampa dawa ile ile. Kule mtaani watu walikuwa wamekwisha kusema yao. Wengine walisema mtoto ni mvivu, hataki skuli. Wengine walisema ni shetani.

Mara ya tatu yule bibi hakungoja nimuulize. Alisema, "Mwanangu, wewe unatazama goti. Mimi ndiye ninayemkanda usiku. Mguu haufunguki hapa." Akaweka mkono wake kwenye nyonga ya mtoto.

Alikuwa amesema kweli. Mtoto alipolala chali, paja lake la kushoto halikufunguka kwenda nje kama la kulia. Maumivu ya nyonga mara nyingi husikika kwenye goti. Hilo nalo nilifundishwa. Nilimwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa mjini. Huko alipigwa picha ya mfupa. Kichwa cha mfupa wa paja kilikuwa kimekwisha kubonyea. Miezi 2 na nusu ilikuwa imepita tangu siku waliyokuja kwangu mara ya kwanza.

Nilimwomba radhi yule bibi. Alinijibu, "Yamepita hayo. Waeleze na wengine." Ndiyo maana ninaandika somo hili.

SELIMUNDU NI NINI?

Ndani ya damu yetu mna chembe ndogo sana nyekundu. Huwezi kuziona kwa macho. Chembe hizi pia huitwa seli. Kazi yake ni kuchukua hewa safi kutoka kwenye mapafu na kuipeleka kila mahali mwilini. Seli nzima ni ya duara na ni laini. Hupenya katika mishipa myembamba bila taabu.

Kwa mtu mwenye selimundu, seli hizi hubadilika zinapokosa hewa au maji. Hujipinda kama mundu, ule mundu wetu wa kukatia majani ya ng'ombe. Seli iliyojipinda ni ngumu. Hukwama ndani ya mshipa mwembamba. Nyingine hukwama nyuma yake. Damu haipiti.

Wewe uliyelima mpunga katika bonde la Bumbwisudi unajua jambo hili. Takataka zikiziba mfereji, maji hayafiki kwenye jaruba. Mpunga wa jaruba lile hunyauka, hata kama mto umejaa. Mwili nao ni hivyo hivyo. Sehemu isiyopata damu huuma sana. Ikikosa damu muda mrefu, sehemu hiyo hufa.

Tena seli hizi hazidumu. Seli nzima huishi siku kama 120. Seli ya mundu huishi siku 10 hadi 20 tu. Kwa hiyo mgonjwa hupungukiwa damu kila wakati.

Mtu wa kwanza kuzieleza seli hizi katika maandishi ya udaktari alikuwa Dakta James Herrick wa Chicago, Marekani, mwaka 1910. Aliziona kwa hadubini katika damu ya mwanafunzi aliyetoka kisiwa cha Grenada. Lakini maradhi yenyewe ni ya zamani sana, na kwetu Afrika ni mengi. Inakadiriwa kwamba Tanzania huzaliwa watoto kama 11,000 wenye selimundu kila mwaka.

Kwa nini kwetu ni mengi? Mwaka 1954 Dakta Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitangaza jibu baada ya kupima damu za watu wa Afrika Mashariki. Mtu aliyerithi mbegu moja tu ya selimundu haugui selimundu, na malaria haimuui kwa urahisi. Kwa hiyo watu wa namna hii waliishi, wakazaa, na mbegu ikaenea mahali penye mbu wengi.

Shida huja pale baba na mama wote wawili wanapokuwa na mbegu moja moja. Wao ni wazima kabisa. Lakini kila mimba yao ina bahati moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye mbegu mbili. Huyo ndiye mgonjwa. Basi mume asimlaumu mke, na mke asimlaumu mume. Kila mmoja ametoa nusu. Na jirani wa watu hajamroga mtu.

MFUPA UNA DAMU?

Wengi hudhani mfupa ni kitu kikavu kama jiwe. Sivyo. Tazama mfupa mbichi wa ng'ombe pale kwa muuza nyama. Ndani yake utaona uboho. Uboho ndicho kiwanda cha damu. Mfupa una mishipa, unakula, unakua, na unajijenga upya siku zote.

Sasa fikiri. Seli za mgonjwa zinakufa upesi. Kiwanda kinafanya kazi usiku na mchana ili kuzirudisha. Hakitoshi, kinapanuka. Kikipanuka, ukuta wa mfupa unakuwa mwembamba. Ni kama mtu anayechimba udongo ndani ya nyumba yake kwenye kuta, ili apate nafasi zaidi. Nyumba inasimama, lakini haina nguvu ile.

Juu ya hayo, watoto wengi wenye selimundu wana upungufu wa vitamini D. Bila vitamini hii mwili hauwezi kutumia vizuri madini ya kalsiamu, na kalsiamu ndiyo inayofanya mfupa uwe mgumu. Mtoto anayeumwa mara kwa mara hukaa ndani, halali vizuri, hali vizuri. Jua halioni. Upungufu unazidi.

MAHALI MIFUPA INAPOUMIA

Kwa mtoto mchanga dalili ya kwanza mara nyingi ni mikono na miguu. Akifika miezi 6 au zaidi kidogo, vidole na viganja huvimba, au nyayo, na mtoto hulia ukimgusa. Kabla ya hapo damu aliyozaliwa nayo ilikuwa ikimlinda. Mama akiona uvimbe wa namna hii asidhani mtoto ameumwa na mdudu. Ampeleke apimwe damu.

Kwa mtoto mkubwa na kijana, mahali pa hatari ni nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja ni cha duara, nacho kimekaa ndani ya nyonga kama mchi ndani ya kinu kidogo. Mishipa inayokipelekea damu ni michache na ni myembamba. Ikizibwa, njia nyingine hakuna. Kichwa kile hufa kidogo kidogo, kisha hubonyea kwa uzito wa mwili. Mtoto huanza kuchechemea. Husema paja linauma, au kinena, au goti. Kumbuka goti! Bega nalo huweza kupatwa hivyo hivyo.

Uti wa mgongo pia huumia. Pingili zake hudidimia katikati. Madaktari wakizitazama kwenye picha husema zimefanana na mdomo wa samaki aliyeachama. Mgonjwa huumwa na mgongo, na kimo chake hupungua.

Liko jambo la nne, nalo ni la haraka kuliko yote. Ni vijidudu kuingia ndani ya mfupa. Mahali palipokufa ndani ya mfupa ni kama chumba kilichohamwa. Wezi huingia. Kijidudu mmoja anayependa kuingia humo huitwa salmonela. Hutoka katika maji machafu na chakula kisichoiva, hupita tumboni, na huchukuliwa na damu. Mtu mzima wa afya humshinda. Mtoto mwenye selimundu humshinda kwa taabu, kwa sababu bandama lake, ambalo ni askari wa mwili, huharibika tangu utotoni. Mfupa wenye vijidudu huuma mahali pamoja, huvimba, huwa na joto, na mtoto hupata homa. Hata daktari hupata kazi kuyatofautisha maumivu haya na yale ya kawaida. Kwa hiyo usijaribu kuyatofautisha wewe nyumbani.

NYUMBANI TUFANYE NINI?

La kwanza ni maji. Mtoto mwenye selimundu anywe maji safi mara kwa mara kutwa nzima, asingoje kiu. Mpe chupa yake aende nayo skuli, na umweleze mwalimu kwamba mtoto huyu atatoka kwenda haja mara nyingi kuliko wenzake. Asiadhibiwe kwa hilo. Katika mwezi wa Ramadhani watu huniuliza kuhusu kufunga. Kukaa kutwa bila maji kunaweza kuleta maumivu makali. Ruhusa ya mgonjwa kutofunga inajulikana na kila mtu. Kijana anayeona haya mbele ya wenzake azungumze na daktari wake kabla ya mwezi kuandama.

La pili ni baridi. Wakati wa kipupwe, na mvua za masika, mtoto avae nguo nzito na aoge maji ya vuguvugu. Akinyeshewa, abadilishwe nguo mara moja.

Sasa chakula. Sisi wa kisiwani tuna bahati. Dagaa huliwa na mifupa yake, na mfupa wa dagaa ni kalsiamu. Maziwa na mtindi vina kalsiamu nyingi. Hapa Kizimbani tunafuga ng'ombe, lakini nimeona nyumba ambazo maziwa yote huuzwa asubuhi na mtoto hunywa chai ya rangi. Mwachieni kikombe kimoja. Ongeza mayai, maharage, choroko, mboga za majani na matunda. Samaki wenye mafuta wana vitamini D kidogo.

Lakini vitamini D nyingi huletwa na jua kwenye ngozi. Mtoto atoke nje kila siku, jua limpige mikononi na miguuni. Asikae juani mpaka akatoka jasho jingi, na awe na maji yake. Nimeona kwamba wasichana ndio wanaolikosa jua zaidi. Akitoka amejisitiri, akirudi yumo ndani. Basi uani kwenu, mahali pasipo na wageni, akunje mikono ya nguo yake, aketi akichambua mchele au akisoma. Hapo jua linatosha na heshima haipungui. Vidonge vya vitamini D viko, lakini anywe kwa kipimo cha daktari. Vikizidi hudhuru.

Mazoezi je? Kutembea na kucheza kidogo kidogo huupa mfupa nguvu. Asiumizwe kwa kazi nzito. Katika msimu wa karafuu mtoto huyu asipandishwe mtini wala asibebeshwe pakacha. Mpe kazi ya kuchambua karafuu kwenye jamvi, kivulini.

Dawa zake za kila siku zisikatike. Vidonge vya foliki husaidia kutengeneza damu. Penisilini kwa watoto wadogo huzuia vijidudu. Chandarua ni lazima. Malaria imepungua sana Unguja, lakini haijaisha, na kwa mtoto huyu malaria moja inatosha kuleta hatari kubwa. Usimnunulie vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma kabla hajapimwa. Upungufu wake wa damu si wa kukosa chuma siku zote, na chuma kikizidi mwilini ni sumu.

Iko dawa nyingine iitwayo haidroksiyurea. Lisome polepole: hai-dro-ksi-yu-re-a. Dawa hii huurudisha mwili katika kutengeneza damu ya namna ile ya mtoto mchanga, ambayo haijipindi. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watoto wa Kenya, Uganda, Angola na Kongo. Watoto walioitumia walipata maumivu machache zaidi na waliongezwa damu mara chache zaidi. Malaria nayo ilipungua kwao. Si dawa ya kununua dukani. Hutolewa na daktari, na damu hupimwa mara kwa mara wakati wa kuitumia. Ukimpeleka mtoto kliniki, uliza habari zake.

SIKU YA MAUMIVU

Mpe maji. Mfunike. Weka kitambaa cha maji ya vuguvugu mahali panapouma. Usiweke barafu, kwa kuwa baridi huibana mishipa. Mpe parasetamoli kwa kipimo cha umri wake. Usimpe diklofenaki bila kuuliza, maana inaweza kuharibu figo zake.

Kumkanda taratibu kwa mkono wenye mafuta hakuna ubaya, na mtoto hufarijika. Yule bibi alimkanda mjukuu wake kila usiku, na ni mkono wake uliogundua maradhi kabla yangu. Lakini asikandwe kwa nguvu, asivutwe mguu, asichanjwe chale. Chale hufungua mlango wa vijidudu. Nawajua mafundi wa viungo wawili hapa jirani, nao ni watu wazuri. Nimewaomba kwamba mtoto mwenye selimundu akija kwao waniletee kwanza. Mmoja amekubali. Mwingine bado tunazungumza.

Usikae nyumbani ikiwa mtoto ana homa. Mwenye selimundu akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, apelekwe siku hiyo hiyo, hata usiku. Apelekwe pia kama mahali pamoja pamevimba na pana joto, au kama maumivu hayakupungua kwa dawa. Kama kifua kinauma, pumzi ni fupi, au upande mmoja wa mwili umelegea, tafuta gari wakati huo huo.

Na kuchechemea? Kuchechemea hakuna homa, wala hakuna kelele. Ndiyo maana hupuuzwa. Mtoto akichechemea zaidi ya wiki moja, au akisema goti linauma nawe huoni kitu, mlaze chali. Kunja goti lake, kisha fungua paja polepole kwenda nje. Fanya kulia, fanya na kushoto. Ikiwa upande mmoja haufunguki kama mwenzake, njoo kituoni useme hivyo hivyo: "Paja halifunguki." Kama tabibu anatazama goti tu, mwambie atazame nyonga. Hatakasirika. Na akikasirika, mwambie tena. Wewe unamjua mtoto kuliko yeye.

Likigunduliwa mapema, mtoto huzuiwa kuukanyagia mguu kwa muda, hupewa magongo, na hufundishwa mazoezi ya kuulegeza. Wengine mfupa hujijenga vizuri. Likichelewa, kichwa cha mfupa kikishabonyea, hakirudi kuwa duara. Baadaye, akiwa mtu mzima, huenda akahitaji kupasuliwa na kuwekewa nyonga ya chuma. Huo ni upasuaji mkubwa, tena wa gharama.

Yule mtoto wangu sasa ana miaka 14. Mguu wa kushoto ni mfupi kidogo, na kiatu chake kimoja kimeongezwa soli. Anakwenda skuli kwa baiskeli, kwa sababu kupiga pedeli hakumuumizi kama kutembea. Bado anatumia dawa zake. Huja kunisalimu siku za Idi, na kila akija hutazama kama nimeketi, kisha husema, "Dakta, leo goti haliumi." Wote wawili tunacheka, lakini mimi sicheki sana.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

Kwa nini seli iliyojipinda huzuia damu isipite? Eleza kwa mfano wa mfereji.

Mtoto wa jirani yako mwenye selimundu anasema goti linauma, lakini goti halikuvimba. Utamwambia mama yake atazame wapi?

Katika nyumba yako, nani hunywa maziwa, na nani hukosa?

Taja mahali uani kwenu ambapo msichana anaweza kupata jua bila kuonekana.

Kama umezaliwa katika ukoo wenye selimundu na unataka kuoa au kuolewa, wewe na mwenzako mtakwenda kupima damu lini?